Changsha, Wuhan, Chongqing au Xi'an? Kuchagua mji wa bara nchini China

Mtu wa kwetu akisema anakwenda China, aghalabu anakwenda Guangzhou. Hoteli anaijua, ni ileile ya mtaa wa Xiaobei aliyofikia shemeji yake. Wakala wa mizigo anamwita kwa jina la utani. Hata ugali ameshaulizia unapikwa ghorofa ya ngapi. Njia hiyo imekanyagwa na watu wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo kwa zaidi ya miaka ishirini, na miiba mingi imeshang'olewa na waliotangulia.

Mimi nazungumza na anayetazama upande mwingine wa ramani. China nayo ina pwani na bara, na sisi wenye lugha yenye maneno hayo mawili hatuhitaji kufafanuliwa sana. Pwani ndiko meli zilikotia nanga kwanza na ndiko fedha za wageni zilikoanza kuingia. Bara ilifuata nyuma. Mwaka 2000 serikali ya China ilianzisha mpango wa kuendeleza mikoa ya magharibi, baadaye ukaja mwingine wa mikoa ya kati, na viwanda vilivyoelemewa na bei ya ardhi na mishahara ya Shenzhen na Shanghai vikaanza kuhamia ndani. Leo Chengdu ina watu wapatao milioni 21. Wuhan, Xi'an na Zhengzhou kila mmoja umevuka milioni 12, na Changsha imepita milioni 10. Chongqing hutajwa kuwa na watu milioni 32, lakini hesabu hiyo inajumuisha mashamba na milima ya eneo ambalo hata Rwanda na Burundi zikiunganishwa haziufikii ukubwa wake.

Nilisoma Wuhan, kisha nikabaki katika kazi ya ukalimani, nikiwasindikiza wafanyabiashara wa kwetu viwandani. Kwa hiyo naulizwa swali moja kila mara: niende mji gani? Nami hujibu kwa swali: unakwenda kuchukua nini huko, au unapeleka nini? Anayetaka shahada, anayetaka pikipiki na anayetaka kuuza parachichi hawana sababu ya kushuka kituo kimoja.

Kwanza pwani au bara

Nianze na anayepaswa kubaki pwani. Kama biashara yako ni mabegi ya kike, nguo, vifuniko vya simu na vikorokoro vya nyumbani, na mzigo wako haujazi kontena, bara haikufai. Bidhaa hizo zimejaa Guangzhou na Yiwu, na maghala ya mawakala wanaokusanya mizigo ya watu kumi ili kujaza kontena moja la Dar es Salaam au Mombasa yako hukohuko. Ukinunua maboksi yako Chengdu, utayalipia lori hadi Guangzhou ndipo safari ya kweli ianze. Ile nafuu uliyoisikia italiwa njiani.

Anayetegemea Kiswahili kumpa mkate naye asihangaike na bara. Idhaa ya Kiswahili ya redio ya kimataifa ya China, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1961, iko Beijing. StarTimes, inayotia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia, nayo makao yake ni Beijing.

Bara inampa mtu vitu vitatu: kodi ya nyumba iliyo chini kuliko Shanghai au Shenzhen, kiwanda chenyewe badala ya duka la dalali, na nafasi nyingi za masomo. Nayo inamdai kimoja, yaani Kichina. Guangzhou unaweza kununua kontena zima kwa kikokotoo na Kiingereza cha sokoni. Changsha ukitoa kikokotoo, mwenye duka atakijibu kwa maneno, tena kwa lahaja ambayo hata Mchina wa Beijing huiinamia sikio. Nimewaona watu wenye mtaji mzuri wakikaa hotelini siku tatu kwa sababu hawakuweza kumwambia dereva waende wapi.

Kuna jambo la kutazamwa pia. Watu wa bara hawajazoea wageni weusi kama walivyozoea wa Guangzhou, basi utapigwa picha kwenye treni, mtoto atakuonyesha kidole, na bibi fulani atakugusa nywele bila kuomba. Wapo wanaochoka nalo upesi. Mimi nilikuwa nawaomba nami niwapige picha yao, tukacheka, yakaisha. Lakini nisiipambe bara kwa kuisema pwani: mwezi Aprili 2020 Waafrika wengi walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli za Guangzhou wakati wa hofu ya korona, na kumbukumbu hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuanza kuulizia miji mingine.

Changsha na Wuhan

Miji hii miwili imetenganishwa na mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni ya kasi, na yote iko kwenye reli ileile inayoshuka Guangzhou: kutoka Changsha ni kama saa mbili na nusu, kutoka Wuhan kama saa nne. Kwa macho ya mgeni inafanana. Mto mkubwa unapita katikati, kiangazi kinachemka kama sufuria lililofunikwa, na kipupwe kina baridi ya unyevu inayopenya mpaka kwenye mfupa kwa sababu nyumba za kusini mwa Yangtze hazina joto la mabomba kama za kaskazini. Kwa Mwafrika Mashariki, hata hivyo, kazi zake ni mbalimbali kabisa.

Changsha ni mji wa anayetaka *kuuza* China. Naliweka neno hilo wazi kwa sababu karibu kila anayenipigia simu anawaza kununua tu. Hapo ndipo yanapofanyika Maonyesho ya Uchumi na Biashara kati ya China na Afrika. Yalianza Juni 2019, yakarudi Septemba 2021, kisha 2023 na 2025, na makao yake ya kudumu ni mji huo. Pia lipo soko kubwa la Gaoqiao, lenye eneo maalumu la bidhaa za Afrika, ambako kahawa, ufuta, korosho na vinyago hukaa kwenye rafu mwaka mzima, si wiki ya maonyesho peke yake. China Southern ilifungua safari ya moja kwa moja kati ya Changsha na Nairobi mwezi huohuo wa Juni 2019. Ratiba za safari kama hizo hubadilika, kwa hiyo iangalie upya kabla hujapanga.

Kwa nini Hunan, mkoa wenye Changsha, wa bara usio na bandari ya bahari? Sababu moja iko kwenye sahani. Watu wa Hunan wanakula pilipili kama sisi tunavyokula chumvi. Rwanda ilipopata ruhusa mwaka 2021 ya kupeleka pilipili kavu China, mnunuzi wa kumfikiria kwanza alikuwa mtu wa huku. Viwanda vya mkoa huu pia hukaanga visamaki kwa pilipili na kuvifunga kwenye vipakiti vya kutafuna safarini, na baada ya Kenya na China kutia saini makubaliano ya parachichi na mazao ya bahari Januari 2022, dagaa wa Kenya wakapata njia ya kufika kwenye vikaango hivyo. Parachichi bichi za Kenya zenyewe zilianza kuondoka kwenda China Agosti mwaka huo, na Tanzania ikapata kibali chake Novemba.

Sasa tuseme una ufuta Lindi au parachichi Njombe na moyo umeshakudunda. Kibali cha nchi hakimfungulii mlango kila mkulima. Tangu 1 Januari 2022 forodha ya China inataka kiwanda au ghala la chakula lililoko nje liwe limesajiliwa kwake, na kwa matunda mabichi, shamba na nyumba ya kufungashia vinatakiwa vipendekezwe na mamlaka ya kilimo ya nchi yako. Ushuru umelegezwa: tangu 1 Desemba 2024 China haitozi ushuru kwa bidhaa za nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi nayo. Humo wamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa. Kenya haikuwemo kwenye kundi hilo, na ndiyo maana tangazo la Juni 2025, lililotolewa hapohapo Changsha, la kupanua msamaha kwa nchi 53 za Afrika, lilipokelewa Nairobi kwa hamu. Hata ushuru ukiwa sifuri, usajili haujasamehewa mtu. Nimemshuhudia mzee mmoja akibeba sampuli za asali nzuri mno hadi Changsha, wanunuzi wakalamba vidole, mkataba ukakwama kwa sababu mfungashaji wake hakuwa kwenye orodha.

Changsha ina upande wa kununua pia, nao ni wa vitu vizito. Sany na Zoomlion, watengenezaji wa mashine za ujenzi unazoziona zikichimba misingi kuanzia Kigali hadi Mtwara, wote wana viwanda vikubwa hapo. Ukitaka pampu ya zege au kreni, huna haja ya kuzunguka mikoa. Na anayeshughulika na mpunga ajue kwamba Hunan ndiko alikofanyia kazi Yuan Longping, baba wa mpunga chotara, na kozi fupi za kilimo kwa maofisa wa Afrika hufanyika huko kila mara.

Wuhan, kwa upande wake, ni mji wa mwanafunzi. Una wanafunzi wa vyuo zaidi ya milioni moja, na ukipanda metro jioni upande wa Wuchang utaamini. Chagua chuo kwa fani yako, usitazame jina pekee. Anayesoma upimaji wa ardhi na picha za satelaiti ana Chuo Kikuu cha Wuhan, ambacho katika fani hiyo kinatajwa dunia nzima. Kwa madini na miamba kuna Chuo Kikuu cha Jiosayansi cha China, na naona ajabu Watanzania wanaotoka Geita na Shinyanga kukipita wakikimbilia kozi za biashara. Kwa kilimo kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, na kwa meli na bandari Chuo cha Teknolojia cha Wuhan. Udaktari ni wa Tongji, chini ya chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapo.

Huo udaktari nisimame nao kidogo. Madarasa yanaweza kuwa ya Kiingereza, mgonjwa hasemi Kiingereza. Mwaka wa mazoezi hospitalini unasimama mbele ya mzee wa Hankou anayeeleza maumivu yake kwa lahaja, na kama Kichina chako kiliishia kwenye kuagiza chakula, utakuwa mtazamaji tu. Ukirudi nyumbani kuna mtihani wa baraza la madaktari, na pale ndipo wale watazamaji wanapojulikana. Kabla ya kulipa hata senti, uliza kama chuo hicho kiko kwenye orodha ya wizara ya elimu ya China ya vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha wageni udaktari kwa Kiingereza, kisha uliza TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa Tanzania, au mamlaka husika ya nchi yako, kama shahada yake inatambuliwa.

Wuhan ulifungwa tarehe 23 Januari 2020 na kufunguliwa 8 Aprili. Wanafunzi wetu walikuwa ndani siku zote hizo 76. Wazazi wengi bado hulitaja jina la mji kwa sauti ya chini. Mimi niliuona baada ya kufunguliwa, watu wamerudi kwenye foleni za asubuhi za *reganmian*, tambi kavu zilizochanganywa na rojo la ufuta, na siwezi kumwambia mtu auache mji mzuri wa masomo kwa sababu ya mwaka ule.

Kati ya hiyo miwili: una mazao, nenda Changsha; una cheti cha kidato cha sita, Wuhan. Ukiwa na vyote viwili, soma Wuhan na upande treni kwenda Changsha kila maonyesho yanapokuja.

Chongqing na Chengdu

Ndugu hawa waligawana nyumba mwaka 1997, Chongqing ilipotolewa kwenye mkoa wa Sichuan na kuwa jiji linalojitawala chini ya serikali kuu. Treni inawaunganisha kwa saa moja na kitu. Watu wa Chengdu wanakaa kwenye bustani wakinywa chai na kucheza mahjong. Watu wa Chongqing wanapanda ngazi. Mji umejengwa juu ya majabali, kiasi kwamba pale Liziba treni ya reli moja inapita katikati ya jengo la makazi, na ramani ya simu itakuambia umefika ilhali mlango uko ghorofa kumi chini yako.

Kwa mfanyabiashara wa kwetu Chongqing ina neno moja: pikipiki. Lifan, Loncin na Zongshen zote ni za hapo. Ukiziweka kando Boxer na TVS za Wahindi, sehemu kubwa ya bodaboda za Afrika Mashariki zina damu ya China, na Chongqing ni tumbo mojawapo zilikotoka. Viwanda hivyohivyo hutoa injini ndogo za pampu za umwagiliaji, za jenereta na za mashine za kukoboa. Kuna kiwanda kitakachokubandikia jina lako kwenye tangi la mafuta ukiagiza idadi wanayoitaka. Kuna kitakachokupakia pikipiki zikiwa vipande ili kontena libebe nyingi zaidi, uziunge mwenyewe Dar au Kampala. Malipo ya kawaida ni asilimia 30 kwanza, 70 mzigo ukiwa tayari. Hiyo 70 usiilipe kabla mtu wako hajafungua makasha na kuhesabu. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kusimama bohari moja, jina naliacha, tukakuta fremu ni zetu lakini kabureta ni za daraja la chini kuliko sampuli tuliyokubaliana. Tulizikataa, wakabadilisha, wiki mbili zikapotea. Kama tungekuwa tumemaliza kulipa, zingepotea fedha.

Usidanganyike na bei ya mlangoni mwa kiwanda. Omba FOB, yaani bei hadi mzigo uwe melini, na utaje bandari. Kutoka Chongqing mzigo unateremka Mto Yangtze kilomita zipatazo 2,400 hadi Shanghai ukipita kwenye malango ya bwawa la Three Gorges, safari ya zaidi ya wiki. Njia nyingine ni reli ya kusini hadi bandari ya Qinzhou huko Guangxi. Reli ile maarufu ya kwenda Ulaya, iliyoanza Chongqing mwaka 2011, haina msaada kwa mtu wa Mombasa, ingawa wauzaji hupenda kuitaja. Usisahau pia cheti cha ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha, kinachodaiwa na TBS na KEBS. Bila hicho faini inakungoja bandarini.

Chengdu sina la kumwambia mnunuzi. Kwa anayetaka kuishi, ndio mji ambao ningeukaa mwenyewe: tambarare, miti mingi, watu hawana pupa. Ethiopian Airlines inakwenda huko kutoka Addis Ababa, hivyo kutoka Entebbe, Nairobi au Kilimanjaro unaunganisha mara moja tu. Kwa masomo, umeme na kompyuta ziko katika Chuo Kikuu cha Sayansi ya Elektroniki na Teknolojia, na reli ziko Southwest Jiaotong. Hiyo ya reli ningemshauri kijana ye yote wa uhandisi aifikirie, maana Kenya ina SGR iliyojengwa na Wachina, na kipande cha Mwanza hadi Isaka cha reli mpya ya Tanzania mkataba wake nao ni wa kampuni za China. Watakaokarabati njia hizo miaka ishirini ijayo wanatakiwa kuwa darasani sasa. Panda wapo. Nenda asubuhi, mchana wanalala.

Pilipili ya miji hii miwili si kama ya Hunan. Ina kitu kingine, punje ndogo inayotia ganzi mdomoni, na siku ya kwanza utadhani umeumwa na mdudu.

Xi'an na Zhengzhou

Hapa tumevuka kwenda kwenye nchi ya ngano. Wali unapungua, mikate ya mvuke na tambi nene zinachukua nafasi, na kwa mla ugali huo si msiba. Kipupwe ni kikavu na kikali, hewa huwa na ukungu wa moshi wa makaa siku nyingi za Desemba na Januari, lakini ndani ya nyumba mabomba ya joto yanafanya kazi. Mwenye pumu afikirie mara mbili.

Xi'an ni mji ninaompendekezea Mwislamu anayekwenda peke yake kwa mara ya kwanza. Waislamu wa kabila la Hui wamekaa humo karne nyingi, Msikiti Mkuu wake una paa za Kichina na maandishi ya Kiarabu chini ya dari moja, na chakula halali hakihitaji upelelezi. Kwingineko utaishi kwa maduka ya tambi za Lanzhou, ambayo yapo karibu kila mji. Xi'an una mtaa mzima. Ijumaa hutajiuliza pa kusali.

Kwa masomo, Chuo Kikuu cha Chang'an asili yake ni uhandisi wa barabara kuu, na Xi'an Jiaotong ni miongoni mwa vyuo vikubwa vya nchi. Ila hazina ambayo watu wetu hawaijui iko nje ya mji, Yangling, kwenye chuo cha kilimo na misitu cha kaskazini-magharibi. Utaalamu wake ni kilimo cha maeneo makame: mvua haba, udongo unaochukuliwa na upepo, mtama, ngano, mifugo. Mtu wa Dodoma, Singida au Kitui anajifunza huko kuhusu shamba linalofanana na la baba yake. Hilo halipati Wuhan wala Chengdu, ambako mvua haikauki.

Kibiashara, Xi'an ndiko yanakotengenezwa malori ya Shacman, na Zhengzhou ndiko yanakotoka mabasi ya Yutong. Sina haja ya kumweleza Yutong mtu aliyewahi kusafiri kutoka Dar kwenda Mwanza. Mwenye mabasi matano na kuendelea anaweza kwenda Zhengzhou kuzungumzia spea na mafunzo ya mafundi. Mwenye basi moja akanunue spea kwa wakala wa nyumbani, tiketi ya ndege itamtafuna. Zaidi ya hapo Zhengzhou ni njiapanda ya reli na kiwanda kikubwa cha kuunganisha simu za iPhone, na kiwanda hicho hakiajiri wageni kwenye mstari wa kazi. Madalali wanaosema kinaajiri wanakudanganya.

Viza haijui mji

Hili halibadiliki uende mji gani. Viza ya M ni ya biashara, X ya masomo, Z ya kazi. Zile safari za siku kumi bila viza zinazotangazwa kwa wanaopitia uwanja wa ndege, pasipoti zetu hazimo kwenye orodha. Ukipanga nyumba au kulala kwa rafiki, unatakiwa kuripoti polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukuandikishia yenyewe.

Kazi bila kibali ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na hali ikiwa mbaya zaidi kuna kifungo cha siku 5 hadi 15 kabla ya kurudishwa. Wanaonaswa zaidi ni walimu wa Kiingereza. Kibali cha kufundisha lugha hiyo hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, na katika orodha inayotumika Afrika inawakilishwa na Afrika Kusini peke yake. Shule za bara, kwa kuwa zina uhaba, zitakuajiri tu Mkenya au Mganda zikikuambia "tutarekebisha karatasi baadaye". Karatasi hazirekebishwi. Tena tangu Julai 2021 serikali ilipobana masomo ya ziada kwa watoto wa shule, sehemu kubwa ya kazi hizo imefungwa.

Njia iliyo halali ni hii. Kibali cha kazi cha kawaida kinataka shahada na uzoefu wa miaka miwili, lakini tangu 2017 aliyemaliza uzamili au zaidi katika chuo cha China kwa wastani wa alama 80 anaweza kusamehewa ile miaka miwili. Kwa hiyo kwa wengi wetu mlango wa ajira ya bara ni darasa la uzamili, na mwajiri anayekuja mwishoni ni kampuni ya ujenzi, ya mashine au ya simu inayotaka mtu wa kwenda Dar, Nairobi au Lubumbashi akiwa anaelewa Kichina. Tangu Oktoba 2025 kuna pia viza ya K kwa vijana wa sayansi na teknolojia, ambayo haidai mwaliko wa mwajiri.

Ufadhili wa serikali ya China unamlipa mwanafunzi wa shahada ya kwanza yuan 2,500 kwa mwezi, wa uzamili 3,000 na wa udaktari wa falsafa 3,500, juu ya ada na malazi. Kiasi hicho Beijing kinabana. Changsha au Xi'an unakula vizuri, unapanda treni likizo, na mwenye nidhamu anatuma kidogo nyumbani. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya pwani na bara kwa mwanafunzi, na haiandikwi kwenye fomu.

Jambo dogo la mwisho kuhusu karatasi: ukipoteza pasipoti Guangzhou au Beijing, ubalozi au konseli iko mjini. Ukiipoteza Chongqing, ni safari. Weka nakala kwenye simu na nyingine kwa mtu wako.

Maombi ya masomo ya Septemba hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na vyuo vingi hufunga kati ya Machi na Aprili. Taasisi za Confucius za Nairobi, Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha Kichina, na mtihani wa HSK unafanyika hukohuko. Anayeanza leo anaweza kuwa na HSK ya pili au ya tatu mkononi kabla ya kujaza fomu, na mpokea fomu wa Wuhan atakapopiga simu kuhakikisha jambo, kijana ataweza kumjibu *wéi, nín hǎo* bila kumtafuta mtu wa kumtafsiria.